Mpaka Bendera Ishuke Hong Kong

Baba,

Mama ametoka eda. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Alioga, akavua nguo nyeupe, akavaa lile gauni la kijani ulilomletea kutoka Mombasa, akashuka ngazi mpaka kwenye maegesho ya magari. Akasimama karibu na mapipa ya taka, akaangalia magari yanavyokwenda mbio barabarani, kisha akapanda tena juu. Nikamwuliza kama anataka nimtembeze Laurel mjini, au hata Washington. Akasema, "Nishatembea." Tangu siku hiyo amekaa ndani kana kwamba eda haijesha, na mimi nimekaa naye.

Yaliyobaki ni marefu, na sina mwingine wa kumweleza. Ukifika mwisho utajua kwa nini nakueleza wewe uliye kaburini, si watu ninaosali nao kila Ijumaa.

Siku tuliyokuzika, kabla ya sala, mtu wa nyumba husimama mbele ya watu na kusema: anayemdai marehemu aje kwangu, na aliyekosewa amsamehe. Sina kaka, na ami zangu wako Unguja. Nikasimama mimi. Nilikuwa sijalala, soksi zangu zimelowa theluji, macho yananiwasha. Nikayasema maneno yale kama nilivyosikia wengine wakiyasema tangu nikiwa mtoto. Nani huyasikiliza, Baba? Watu hujibu "tumemsamehe", sala inasaliwa, jeneza linabebwa. Sijawahi kuona mtu akinyoosha mkono. Siku yako alinyoosha rafiki yako, Ami Sefu.

Wewe ulimjua kuliko mimi, lakini ngoja niseme nilivyomjua mimi. Alikuwa karani mwenzako Unguja, enzi za Mwingereza. Mambo yalipochafuka kisiwani wewe na Mama mkaondoka kwenda Mombasa, na yeye baadaye akaondoka na pasipoti yake ya Kiingereza mpaka koloni nyingine, Hong Kong, akafanya kazi forodhani huko mpaka nywele zikageuka rangi. Akaja Marekani kustaafu. Huko alikotoka wakagundua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipokea bahasha za wafanyabiashara ili makontena yao yapite bila kufunguliwa. Serikali ya koloni ikaomba arudishwe akashitakiwe, na polisi wakamkuta kwenye chumba alichopanga Riverdale, anapiga pasi shati. Hakimu alikubali akae nje kwa ajili ya moyo wake mgonjwa, kwa sharti apatikane mtu mzima wa kuishi naye na kuwajibika mahakamani.

Ukajitokeza wewe. Ukamleta kwetu, ukampa chumba changu, mimi nikahamia kwenye kochi. Ukaniambia, "Huyu nikimwacha alale jela, uso wangu nitauweka wapi?" Sikuuliza zaidi. Hukuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Mwezi haukwisha, ukatutoka.

Basi pale msikitini alisimama kwenye safu ya pili, na kile kifaa cheusi cha mahakama kwenye kifundo cha mguu, kimefunikwa vizuri na soksi. Akasema kwa sauti yake ile ya kusoma taarifa ya habari: "Mimi namdai. Aliniahidi dhamana yake mpaka mwisho wa kesi. Mwanawe kaipokea, na nyote mashahidi." Watu wote wakanigeukia. Jeneza lako liko mbele yangu. Ningefanya nini? Nikaitikia.

Wiki ile ile nilisimama mbele ya hakimu badala yako. Aliniuliza kama naelewa kwamba mzee akitoka nyumbani nami nikajua nikanyamaza, nitaingia jela mimi. Nikasema naelewa. Nilikuwa naelewa pia kwamba mimi na Mama karatasi zetu za hapa bado ziko mezani kwa watu wa uhamiaji, na kwamba mtoto aliyedanganya mahakama hafai kuombea mtu ukaazi. Hilo hakimu hakulisema. Nilijisemea mwenyewe kwenye lifti.

Wakili wake, mama mmoja wa Kimarekani anayeongea haraka, alinifafanulia kesi tukiwa garini. Mkataba wa kurudishana watuhumiwa ulikuwa kati ya Marekani na Uingereza. Hong Kong ilikuwa ya Mwingereza, kwa hiyo mkataba uliifikia. Lakini mwisho wa Juni Mwingereza anashusha bendera yake na kumkabidhi Mchina, na Mchina hana mkataba na Marekani. Kuna makubaliano mapya yaliyoandikwa, lakini bado hayajaanza kufanya kazi. Kwa hiyo hoja yake ilikuwa: mtamrudisha kwa nani? Mnamkabidhi kwa serikali moja, atahukumiwa na nyingine. Na kimoyomoyo kulikuwa na hoja ya pili, ambayo hata mimi fundi wa mashine za fotokopi niliielewa: kesi ikivutwa mpaka bendera ishuke, huenda mzee akabaki.

Sasa fikiria nyumba yetu. Vyumba viwili, bafu moja. Chumba kimoja yumo mjane aliyekaa eda, asiyetakiwa kuonekana na mwanamume asiye wake. Cha pili yumo mwanamume asiyeruhusiwa kuvuka mlango wa mbele. Nilitundika shuka kwenye ukumbi mdogo kati ya vyumba, lile la maua ya zambarau. Ami Sefu akitaka bafu anakohoa na kugonga ukuta, Mama anafunga mlango wake. Mama akitaka bafu anaita jina langu, mimi nasimama kwenye shuka kama askari. Nikiwa kazini sijui walifanyaje. Kila mmoja aliniambia mwenzake hana shida.

Watu wakaanza kunong'ona: mjane wa fulani anakaa eda na mwanamume ndani, hii imekaaje? Hao hao waliokuwa mashahidi wangu msikitini. Nikimtoa, nimevunja neno lako. Nikimwacha, naichezea heshima ya mkeo. Pande zote mbili ni wewe, Baba, na nilikukasirikia sana mwezi wa Machi.

Kamau, yule Mkenya ninayefanya naye kazi, nilipomweleza aliweka chini bisbisi yake akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Manze, wewe ni warden na prisoner, na hata hu-get overtime," akasema. Baadaye akaniletea chapati alizopika mkewe, bahasha nzima ya karatasi, akasema ni za wafungwa wote watatu.

Na kile kisanduku cha mahakama. Kiliunganishwa na simu, kikakaa juu ya friji, na kazi yake ni kusikiliza kile kifaa cha mguuni. Mzee akitoka, kinalia, na baada ya muda ofisa anapiga simu. Lakini kilikuwa kinalia hovyo. Akienda kukaa kwenye kona ya balkoni, kinalia. Akioga muda mrefu, kinalia. Ofisa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya uchovu. Anauliza, "Yupo?" Nasema, "Yupo." Anashukuru na kukata. Alinizoea. Nadhani katika watu wake wote mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kumpa taabu.

Sitaki nikwambie kwamba Ami Sefu alikuwa mtu mbaya wa kukaa naye. Alinifundisha kupiga pasi kola kwanza, kisha mikono, mwili mwisho. Alikuwa anachemsha chai ya iliki, anaweka kikombe cha Mama chini, upande wa pili wa shuka, anakohoa, anarudi chumbani. Kesi yake hakuikana hata siku moja. "Kila mtu forodhani alipokea," aliniambia. "Mimi nilipokea kwa adabu." Nilicheka. Nilicheka kweli, kisha nikajiuliza nacheka nini. Na alikuwa akikutaja vizuri. Jumamosi moja alinikumbusha jinsi ulivyokuwa ukibishana na wauza samaki wa Washington, pale majini, ukimwambia mmoja wao kwamba samaki wake ana umri mkubwa kuliko mwanao. Mimi nilikuwa nimesahau. Nilitoka nikaenda kukaa garini, mahali ulipokuwa ukikaa mpaka taarifa ya habari ya redio iishe, nikalia.

Juni ilipoanza, mahakama ya juu ikaikataa hoja ya wakili. Wakili alisema sasa ni suala la siku tu, watakuja kumchukua wampandishe ndege kabla bendera haijashuka. Ami Sefu alisikiliza, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni na kusimama pale pale unapoishia mpaka wake. Kisha akaniita nikae.

Akasema hatoroki. Anataka kujificha siku chache tu, Baltimore kuna mtu wa kumpokea, mpaka bendera ishuke. Ikishashuka atajitokeza mwenyewe, waangalie kama wana sheria ya kumpeleka. Alichotaka kwangu ni neno moja. Jumapili atatoka. Kisanduku kitalia. Ofisa atapiga. Mimi niseme, "Yupo." Na Jumatatu niseme tena. "Umeshalisema mara ngapi, mwanangu? Ulisemee jambo la maana mara moja."

Nikamwambia nitafungwa. Nikamwambia kuhusu karatasi za Mama. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionibana: "Baba yako hakupata kukwambia nani aliyewatoa Unguja?"

Hukuniambia. Akanieleza yeye. Kwamba watu walikuwa wakikutafuta. Kwamba hakuna aliyekuwa akiondoka bila kibali, na vibali vilipitia mezani kwake. Kwamba aligonga muhuri kwenye jina lako na la Mama na angeweza kupotea kwa hilo. "Sikumwomba hata senti," akasema. "Alinishika mkono akalia. Akaniambia, Sefu, siku yoyote, jambo lolote. Sasa ndiyo siku. Wewe umezaliwa Mombasa kwa sababu ya mkono huu." Na akauweka mkono mezani, nyuma ya kiganja juu, ngozi yake imejaa madoa ya uzee.

Baba, pale sikuwa na pa kutokea. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyotia sauti yangu kwenye simu isitetemeke.

Ndipo Mama akaongea. Nyuma ya shuka. Miezi yote ile hakuwa amemsemesha mwanamume huyo hata neno, na hata siku ile hakumsemesha yeye. Alinisemesha mimi. "Nassor, muulize bangili zangu za harusi zilikwenda wapi."

Ami Sefu akaondoa mkono mezani.

"Muulize," akasema tena Mama. "Baba yako nilimwambia zimeibiwa. Muulize aliyeziiba alikaa kwenye meza gani."

Sikuuliza. Sikuwa na haja, nilikuwa namwona uso. Mzee yule aliyejibu maswali ya mawakili bila kupepesa macho, aliinuka, akakohoa nje ya shuka kwa mazoea, akaingia chumbani kwangu na kufunga mlango taratibu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwalaani wale wezi? Kila harusi tuliyokwenda, ukiona bangili mikononi mwa wanawake, ulikuwa ukisema, "Za mama yako walizichukua mbwa wale." Mama alikuwa akiangalia pembeni. Aliniambia siku ya pili yake, mlango wazi, mimi nimekaa sakafuni. Alisema ulikuwa na kiburi. Ungejua kibali kimenunuliwa usingekipokea, ungebaki, na wangekuchukua. Kwa hiyo alikwenda mwenyewe ofisini kwa Sefu na bangili zake zimefungwa kwenye leso, akaziacha, akarudi nyumbani akalia wizi. Sefu naye akakuletea kibali kama zawadi ya rafiki. Na wewe ukamlilia mkononi. Miaka yote ile ukabeba shukrani isiyokuwa yake, mpaka ukampa kitanda cha mwanao.

Nina hasira naye, Baba. Nina hasira nawe pia, sijui kwa nini, na kidogo na Mama. Halafu nakumbuka kwamba kama asingepokea, nisingekuwepo wa kukasirika.

Jumapili alitoka. Sikumwambia ndiyo wala hapana, na hakuniuliza tena. Nilikuwa nakunywa chai jikoni. Alikuja amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, mfuko mdogo mkononi. Akaniangalia. Akasema, "Nisalimie baba yako ukienda kaburini." Akafungua mlango, akateremka ngazi akishikilia chuma cha pembeni, kwa sababu ya moyo.

Kisanduku kikalia. Nikakaa nacho. Mama alikuwa amesimama nyuma ya shuka, niliona vidole vya miguu yake chini. Simu ikalia. Yule ofisa, na nyuma yake nilisikia watoto wanacheza, alikuwa nyumbani kwake siku ya mapumziko. Akauliza kama kawaida, na nilijua anataka kusikia nini ili arudi kwa watoto wake. "Yupo?"

Nikasema, "Ametoka."

Sijui mpaka leo kama nililisema kwa ajili ya sheria au kwa ajili ya bangili. Ningependa kukwambia ni sheria.

Hawakumtafuta sana. Walimkuta kwenye kituo cha treni cha hapa Laurel, amekaa kwenye benchi na mfuko wake magotini, anangoja treni ya Baltimore. Jumapili hakuna treni pale. Kila mtu wa hapa anajua. Yeye alikaa ndani miezi yote ile akizisikia zikipita na honi asubuhi na jioni, akadhani zinapita siku zote. Nimefikiria jambo hilo kuliko mengine yote. Alikaa pale karibu saa nzima, wakili aliniambia, na hakuna aliyepita wa kumwambia.

Walimpandisha ndege kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi na Mama tuliiona bendera ikishuka kwenye televisheni, mvua inanyesha huko, mabwana wamesimama na medali zao wanalowana. Mama akasema, "Sefu ataiona?" Nikasema huko aliko sidhani kuna dirisha. Akaondoka kwenda jikoni na hakurudi mpaka nilipozima.

Sasa sikiliza kilichobaki. Msikitini wananiita mchongezi. Si usoni. Lakini mzee Jabir, uliyekuwa ukimpa lifti kila Ijumaa, nilimpa mkono akarudisha wake mfukoni. Mkewe amesema mbele ya wanawake kwamba mtoto kamuuza mgeni wa baba yake na baba hajamaliza mwaka. Wote walikuwa mashahidi, wote walinisikia nikiitikia. Kwao nimelivunja neno lako juu ya kaburi lako. Nami ingenitosha kusema sentensi moja tu wakanyamaza wote.

Mama amekataa. Nilimwomba, nikamsihi, nikapandisha sauti, nisamehe. Akanisubiri nimalize. "Nikisema nilikwenda peke yangu ofisini kwa mwanamume, mlango umefungwa, nikamwachia bangili," akasema, "unafikiri watu wataishia kwenye bangili?" Nawajua watu wetu. Wataanza na bangili, watafika kwangu, wataanza kuniangalia pua kama ni yako. Akaniambia, "Nilinyamaza kwa ajili ya baba yako miaka thelathini. Wewe utashindwa?"

Ndiyo maana nakuandikia. Nilikuwa nimekaa na hili kifuani, sina wa kumwambia ila wewe, na wewe ndiye uliyefichwa kuliko wote. Samahani kwa hilo. Sikujua mahali pengine pa kuliweka.

Nakuaga, Baba. Mama anakuombea kila baada ya sala, mwenyewe, kwa jina lako lote. Ahadi yangu ni hii: sitafungua mdomo. Mbele za watu Sefu atabaki rafiki yako aliyekutoa Unguja, na Mama atabaki mjane wa mtu mwenye heshima. Kesho ni Ijumaa. Nitapiga pasi shati, nitakwenda kusali, nitakaa safu ya mwisho karibu na viatu, na atakayeniuliza kwa nini nilimtoa mgeni wako, nitamwambia niliogopa jela.

Mwanao,
Nassor